Sarafu, Taya na Mzani

Mimi ni mtu wa vifungashio. Sabuni, mafuta ya kula na maji ya kunywa vina wataalamu wao wenye makoti meupe. Changu mimi ni kile unachokichana kwa meno, ukakifinyanga kiganjani na kukitupa kabla hujatoka dukani. Nina miaka kumi na saba katika kazi hii, kwenye kiwanda kikubwa hapa Dar es Salaam, na tangu 2018 nimeongezewa jukumu la kuvifanya vifungashio vyetu viwe rafiki wa mazingira. Jukumu lilikuja na fulana ya kijani. Bajeti haikuja.

Nikienda kwenye semina, kuna swali ambalo halikosi: "Mbona hamtumii karatasi tu?" Wanaliuliza kwa upole, kama mtu anayekunong'oneza kwamba umesahau kufunga zipu. Ningekuwa na ruhusa ningewachukua wote hadi laini ya tatu ya uzalishaji, shifti ya usiku, wakaone.

Tuanze na pakiti ndogo ya sabuni ya unga, ile ya gramu 20. Ichane, ikunjue, itazame kwenye mwanga. Utadhani umeshika plastiki moja. Umeshika tatu zilizogandishwa kwa gundi. Ya nje ni poliesta ya mikroni 12, nyembamba kuliko unywele, ndiyo inayobeba wino na kung'aa. Ya kati imefukizwa aluminiamu ili unyevu usipite. Ya ndani ni polithini, ndiyo inayoyeyuka na kuziba. Kila moja ikiwa peke yake inarejelezeka. Ukishazigandisha pamoja, kuzitenganisha kunagharimu kuliko kununua mpya.

Sasa piga hesabu. Pakiti hiyo ina urefu wa sentimita kumi na upana wa nane, na filamu yake, pande zote mbili, ina uzito wa gramu moja na kidogo. Kilo ya sabuni ni pakiti 50, yaani zaidi ya gramu 50 za plastiki. Mfuko mmoja wa kilo hubeba sabuni ileile kwa gramu kama kumi. Mama anayenunua pakiti pakiti anatupa plastiki mara tano ya yule anayenunua mfuko, na kwa kila kilo analipa zaidi. Analijua hilo kuliko mimi. Lakini hela aliyonayo ni ya leo.

Hapa ndipo wengi wa nje wanapopotea. Wanafikiri bei ya pakiti imepangwa na mhasibu. Imepangwa na sarafu. Kuna sarafu ya shilingi 100, kuna ya 200, halafu unaruka hadi 500. Pakiti lazima ikae kwenye sarafu moja, maana Mangi, mwenye duka la mtaani, hana chenji ya shilingi mbili. Filamu yangu nzuri ikiongeza gharama ya shilingi mbili kwa pakiti, siwezi kuuza kwa 202. Shilingi hizo zitatoka kwenye faida au kwenye sabuni. Kila nilipopeleka filamu bora kwenye kikao cha gharama, niliulizwa, "Sasa tupunguze gramu ngapi?" Kwa hiyo mazingira yangelipiwa na yule mama mwenye sarafu, naye asingeambiwa.

Hata hivyo tulijaribu. Tuliagiza filamu ya polithini tupu, nje polithini, ndani polithini, plastiki ya aina moja ambayo inaweza kuyeyushwa ikatumika tena. Zikaja roli nne za majaribio. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Tukazipeleka laini ya tatu usiku, kwa sababu mchana hakuna anayeruhusiwa kugusa uzalishaji.

Mashine ya pakiti ndogo huvuta filamu, huikunja, kisha taya mbili za chuma zenye moto huibana hadi tabaka za ndani zishikane. Ujanja wote uko kwenye tofauti ya joto. Poliesta ya nje haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 250 hivi. Polithini ya ndani huanza kulegea kwenye 110 hivi. Ukiweka taya kwenye 160, ndani kunaziba na nje hakuna habari. Opareta ana nafasi pana ya kukosea. Filamu ya polithini tupu inamnyang'anya nafasi hiyo, kwa sababu hata ya nje inayeyuka kwenye 130 hivi. Ukipunguza moto, mshono hauzibi na unga unavuja. Ukiongeza, pakiti inang'ang'ania taya.

Saa nane usiku iling'ang'ania. Pakiti zikagandia kwenye taya kama ukoko kwenye sufuria, filamu ikakatika, unga ukamwagika kwenye mkanda, tukapiga chafya sote. Opareta, mtu niliyemkuta nilipokuja kiwandani hapo kama mwanafunzi wa mazoezi, akazima mashine, akachukua brashi ya shaba na kusugua taya bila kusema neno. Alipomaliza akanigeukia. "Mhandisi, hii roli yako ya mazingira inakula posho yangu." Hakuwa akitania. Posho ya shifti inahesabiwa kwa katoni zilizotoka.

Tukavisha taya utepe wa tefloni. Tukashusha mwendo kutoka mapigo 60 kwa dakika hadi 40. Ikakubali. Asubuhi niliandika ripoti kwamba jaribio limefaulu, na haikuwa uongo. Meneja uzalishaji akaisoma akiwa amesimama, akabonyeza kikokotoo cha simu: theluthi ya pakiti inapotea kila saa. Ili kuirudisha, zilihitajika taya mpya kwa laini zote sita. Roli mbili zilizobaki ziko stoo hadi leo. Tumezifunika nailoni zisipate vumbi.

Sasa nirudi kwa watu wa karatasi.

Nguvu ya boksi hupimwa maabara kwenye chumba chenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Ndicho kipimo cha kimataifa. Stoo yetu wakati wa masika haiijui asilimia 50. Mwaka mmoja tuliongeza karatasi iliyorejelezwa kwenye maboksi ya mafuta ya kula. Kila karatasi inaporejelezwa nyuzinyuzi zake hukatika na kuwa fupi, na nyuzinyuzi fupi zikinywa unyevu hulegea upesi. Maabara maboksi yalipita. Mwezi wa nne, mvua ikiwa wiki ya pili, nikaitwa stoo. Safu ya chini ya paleti ilikuwa imetoa tumbo, paleti nzima imeinama kama mtu anayesikiliza siri, na chini yake mafuta yanatambaa sakafuni. Forklifti haikupita pale siku mbili.

Alizeti ile ililimwa Singida, ikavunwa, ikakamuliwa, ikasafishwa, ikasafirishwa mamia ya kilomita, halafu ikaishia kwenye pumba za mbao za kukaushia sakafu. Hakuna kifungashio kilichochafua mazingira mwaka ule kama yale maboksi yaliyorejelezwa. Mtu akikwambia kwamba kifungashio kibaya ni kile kizito, muulize kama amewahi kufagia bidhaa.

Na pakiti ya karatasi? Sabuni ya unga hunywa maji ya hewani. Karatasi tupu ingeugeuza unga kuwa jiwe kabla haujafika Kigoma. Kwa hiyo karatasi unayoiona dukani mara nyingi imepakwa polithini kwa ndani. Watu wa masoko waliipenda: rangi ya khaki, jani la kijani, maandishi kama ya mkono. Mrejelezaji wa karatasi haitaki kwa ajili ya plastiki, wa plastiki haitaki kwa ajili ya karatasi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kuna kazi moja tuliyosifiwa. Tuliipunguza chupa ya maji ya nusu lita kwa gramu mbili na nusu. Tulikata shingo ikawa fupi, tukabadilisha prifomu, ile plastiki inayopulizwa ikawa chupa, tukakesha na mashine ya kupuliza mpaka chupa ikaweza kubebana na wenzake bila kubonyea njiani kwenda Mwanza. Ilikuwa kazi nzuri na naionea fahari. Tukapewa ngao, ikatundikwa mapokezi. Ila mwaka uleule tuliuza chupa nyingi zaidi, na jumla ya tani za resini tulizonunua ikapanda. Tarakimu zote mbili zilikuwa kwenye kompyuta yangu. Iliyopungua kwa kila chupa ilikwenda kwenye bango. Iliyopanda kwa jumla ilibaki kwangu.

Kilichonibadilisha mimi ni safari ya Pugu. Si mbali na dampo la Pugu Kinyamwezi kuna wanunuzi wa plastiki. Nilikwenda na kisalfeti chenye vifungashio vyetu vyote, vitupu, nikamwaga chini mbele ya mama mmoja anayechambua, nikamwomba anipangie. Hakumaliza dakika mbili.

Chupa ya maji isiyo na rangi aliirusha kulia. Dumu la mafuta kulia, plastiki ngumu. Vifuniko kwenye ndoo yake. Chupa ya kijani akaigeuzageuza, akaiweka kando: ina bei, lakini ya kuumiza. Chupa tuliyoivalisha lebo ya plastiki mwili mzima akaichana kwa kisu kwa nguvu, akaniambia, "Nyie watu wa kiwandani mnatuchelewesha." Lebo ile ilimgharimu muda, na yeye analipwa kwa kilo. Pakiti ndogo, zaidi ya ishirini, za rangi zote, hakuzigusa.

"Na hizi, mama?"

"Hizo taka, baba."

Alisema hivyo akiwa na taka za jiji zima nyuma yake. Kwake taka ni kitu kisicho na mnunuzi. Hiyo tafsiri ni sahihi kuliko ile iliyo kwenye miongozo yetu ya kubuni vifungashio.

Miongozo hiyo iliandikiwa Ulaya, ambako takataka hupita kwenye mkanda na mashine huzitambua kwa mwanga usioonekana kwa macho. Ndiyo maana inatukataza plastiki nyeusi: mashine haiioni. Mama wa Pugu anaiona vizuri tu. Tatizo lake ni uzito. Chupa ya nusu lita ina gramu kama 15. Akiokota 70 hivi ana kilo. Pakiti ina gramu moja. Kilo ni pakiti karibu 1,000. Hata ikipata mnunuzi kesho, nani atainama mara 1,000 kwa bei ya kilo moja?

Nilirudi kwenye gari nikakaa muda bila kuwasha. Nilikuwa nawaza ile shifti ya usiku, utepe wa tefloni, mapigo 40 kwa dakika. Tungefaulu, tungeandika kwenye kila pakiti "inaweza kurejelezwa", na maabara yoyote duniani ingetuunga mkono. Mama yule asingeigusa vilevile.

Tangu siku hiyo nikiletewa kifungashio kipya nauliza: kikiwa kitupu, nani atakinunua, na shilingi ngapi? Mara nyingi chumba hunyamaza.

Lakini wauzaji wa malighafi hawanyamazi. Kila baada ya miezi michache anakuja mmoja na punje za kuchanganya kwenye plastiki "ili ioze yenyewe". Plastiki ya namna hiyo hukatikakatika ikawa vipande visivyoonekana. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Mwingine analeta plastiki ya mahindi. Hiyo kweli huoza, ila kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi kama 60. Mtaro wa Jangwani hauna joto hilo. Na ikichanganyika na chupa za kawaida inaharibu mzigo wa mama wa Pugu.

Usidhani ni sisi tu tunaoyumba. Mwaka 2018 kampuni kubwa za dunia ziliahidi kwamba ifikapo 2025 vifungashio vyao vyote vya plastiki vitakuwa vya kutumika tena, kurejelezwa au kuozeshwa. Aprili 2024 Unilever ikalegeza lengo lake la kupunguza plastiki mpya: nusu ikawa asilimia 30, na 2025 ikawa 2026. Desemba 2024 Coca-Cola nayo ikashusha malengo yake na kuyasogeza hadi 2035. Mkataba wa dunia wa plastiki uliokubaliwa uanze kuandikwa Nairobi Machi 2022 ulikwama Busan, ukakwama tena Geneva Agosti 2025. Nikisoma habari hizo sishangai. Nawaona watu kama mimi, kila mmoja na laini yake ya tatu.

Lakini kuna upande mwingine ambao haki yake lazima niitoe. Pombe za viroba zilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, watengenezaji waliokuwa wakisema haiwezekani waligundua chupa ndogo. Mifuko ya plastiki ya rambo ilipofika mwisho Juni 1, 2019, wanawake wa sokoni walirudi na vikapu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeandika kurasa kumi na nne kueleza kwamba lakiri ya plastiki inayovishwa kifuniko cha chupa ya maji haiwezi kuondolewa, kwamba wateja watadhani maji yamechezewa. Serikali ilipoikataza, tuliiondoa. Hakuna mteja aliyepiga simu. Sheria ina tarehe. Ahadi yetu ina mwaka, na mwaka husogezwa.

Sheria nayo ina matundu. Mifuko mbadala ambayo wengi wanaiita ya kitambaa ni polipropilini, nayo ni plastiki, ila imetengenezwa ifanane na kitambaa; Kenya waliigutukia mapema wakatangaza kuikataza 2018. Na ile nailoni nyembamba inayoonyesha, iliyoruhusiwa kufungia bidhaa tu, iligeuka kuwa mfuko wa kubebea nyanya, hadi mtaani ikaitwa "vifungashio". Mpaka leo nikimwambia dereva wa bodaboda kazi yangu, anadhani nauza hiyo. Kinachonipa moyo ni sheria ya Kenya ya 2022 inayomtaka mzalishaji awajibike kwa kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Siku tutakapolipia kila kilo ya pakiti iliyoko mtaroni, kikao cha gharama kitanipigia simu chenyewe.

Tulijaribu pia kuondoa kifungashio kabisa. Tuliweka matangi ya sabuni ya maji kwenye maduka kumi na mawili ya Temeke. Mteja aje na chupa yake, apimiwe. Wazo halikuwa geni: bibi zetu walinunua kwa kibaba na pishi, na mafuta ya kupima yapo hadi leo. Wiki tatu za kwanza mauzo yalipanda. Wiki ya tano simu za malalamiko zikaanza: sabuni haitoi povu. Nikapita dukani nikapima. Mwenye duka alikuwa ameichakachua kwa sabuni ya kupikwa mtaani, dumu kwa dumu. Nilimwelewa. Sisi tulimwachia faida ndogo na kazi ya kupima, kufuta na kugombana na wateja. Kampuni ilielewa jambo moja tu, kwamba jina letu limechafuka. Matangi yakarudi. Sasa yanahifadhi maji ya kuoshea magari.

Nikitoka kazini hununua soda kwa kijana wa kioski pale kituoni, ile ya chupa ya kioo. Jana alinipa moja iliyochakaa vizuri: ina pete mbili nyeupe za mikwaruzo, moja begani na moja karibu na kitako, mahali chupa zinaposuguana kwenye mkanda wa kiwanda kila zinaporudi kujazwa. Mtu wa vifungashio huzisoma pete hizo kama unavyosoma meno ya ng'ombe. Ile imezunguka miaka. Kioo ni kizito, huoshwa kwa magadi makali na maji mengi, na gari lazima lirudishe matupu. Chupa hiyo ikitumika mara moja tu ni hasara kuliko plastiki. Inalipa kwa sababu inarudi, na inarudi kwa sababu kila mmoja njiani ana deni lake. Bila kreti yenye chupa tupu, kijana hapewi kreti iliyojaa.

Daladala yangu ilikuja kabla sijamaliza. Nikapiga hatua mbili na chupa mkononi.

"Mzee! Chupa yangu."

Nikarudi, nikamalizia soda nimesimama, nikamwachia. Daladala ikaondoka bila mimi. Nikaigeuza ile chupa kabla hajaitumbukiza kwenye kreti, nikaitafuta alama ya jani la kijani. Haikuwa nayo.